Mbona Sisi Hatumo?

Kwa miaka mingi nilikula kwa mdomo wangu. Nilikuwa na banda la video Kirumba, karibu na soko la Mwaloni: mabati pande zote, mabenchi ya mbao, televisheni moja ya kichogo na deki mbili, moja nzima na nyingine ya kutolea vipuri. Wateja wangu walikuwa wapagazi wa magunia ya dagaa, wavuvi waliokuwa nchi kavu wakisubiri mbalamwezi ipite, na wanafunzi ambao saa zile walipaswa kuwa darasani. Muvi zilikuwa za Kiingereza au Kichina, na mimi nilishika maiki nikazitafsiri palepale.

Mtindo huo niliuiga kwa Lufufu, Derek Mukandala, ambaye kanda zake zilikuwa zikitufikia kutoka Dar es Salaam. Lakini Lufufu alikuwa fundi, mimi nilikuwa mpayukaji. Kiingereza changu cha kidato cha nne kilinifikisha nusu ya njia, na nusu iliyobaki niliitunga. Watu wawili wakikaa mezani na kuongea kwa utaratibu, nilipeleka mbele. Stelingi akianza kulia, nilipeleka mbele. Nilijiona nawasaidia wateja, maana walilipia ngumi na risasi, hawakulipia maongezi.

Katika uwanja wetu aliishi baba yangu mdogo. Alipigana vita vya Kagera, na tangu arudi alikuwa akishona nyavu Mwaloni na kusema kidogo sana. Mara nyingine alikuja bandani, akakaa benchi la nyuma. Mabomu yakianza kulia kwenye muvi, alisimama akatoka, na vijana wakacheka. Wakamwita Rambo. Jina hilo nililianzisha mimi, tena kwenye maiki. Jioni moja alisimama katikati, akaziba kioo, hakutoka wala hakukaa. Watu wakapiga kelele. Nikamwambia kwa sauti ya spika kwamba atoke, na asirudi mpaka ajifunze kukaa kama watu. Aliinamisha kichwa akapita mlangoni. Nikaendelea na picha.

Nasimulia haya kwa sababu huenda wewe pia una mtu wa namna hii nyumbani, na huenda nawe umemzoea.

Mwaka 2006 ulikuwa wa mgao wa umeme. Mafuta ya jenereta yalikula faida yote, na mimi nilikuwa na hasira na kila kitu. Ndipo ikazuka habari ya filamu ya Hubert Sauper wa Austria, Darwin's Nightmare, iliyopigwa hapahapa Mwanza na kutolewa mwaka 2004. Ilionyesha sangara wetu wakisafirishwa kwenda Ulaya na watu wetu wakibaki na mapanki, na ikadokeza kwamba ndege zinazokuja kuchukua minofu zilileta silaha. Rais Kikwete aliikemea hadharani, na watu wakaandamana mjini. Nami nilikuwamo, nikipiga kelele kuliko wengi. Sikuwa nimeiona hata dakika moja. Nilipoiona miaka mingi baadaye, yapo mambo yaliyoniudhi bado, hasa hilo la silaha, lililoachwa likining'inia bila kuthibitishwa. Lakini wapo pia watu wa mji wangu wakiongea na kamera, mmoja mlinzi wa usiku, wengine wasichana wa baa, ambao mimi niliishi nao bila kuwahi kuwauliza chochote.

Mwaka 2007 ikatufikia The Last King of Scotland. Forest Whitaker alikuwa ametoka kupata Oscar kwa kuigiza Idi Amin, na nakala zilifika Mwanza haraka, kwa njia ambazo sitazisifu. Nikaandika ubaoni kwa chaki: IDI AMIN YUKO NDANI LEO. Banda likajaa, wakaja hata wazee ambao sikuwahi kuwaona.

Kwa sisi wa pwani hii ya ziwa, Amin hakuwa mtu wa hadithi za mbali. Septemba 1972 mabomu yake yaliangukia Bukoba na Mwanza. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya, iliyotumwa kumsaidia, ilikuja kulipua ghala la mafuta la Mwanza, ikalikosa kabisa, ikapiga kisiwa cha Saanane, kilichokuwa bustani ya wanyama, na kuua swala. Nyumbani tulisimuliwa kisa cha wale swala kama kichekesho, na mimi nilikua nikijua vita vile kwa kicheko hicho tu.

Baba mdogo alikuja. Alilipa kiingilio kama mtu mwingine yeyote, hakunitazama, akaenda benchi la nyuma. Safari hii hakusimama. Nilitafsiri kwa mbwembwe zangu zote, nikamfanya Amin aongee kama mlevi wa kilabuni, na watu walivunjika mbavu. Picha inamfuata daktari kijana wa Uskoti, mtu wa kubuni kutoka riwaya ya Giles Foden, anayevutwa na ucheshi wa Amin mpaka anagundua amekaa mezani na muuaji. Inaishia Entebbe mwaka 1976, wakati wa mateka wa ndege. Daktari anaponyoka, halafu tunaonyeshwa sura halisi ya Amin mwenyewe, na imekwisha.

Watu walianza kutoka. Baba mdogo alibaki amekaa. Kisha akauliza, si kwa sauti kubwa, "Mbona sisi hatumo?"

Kijana mmoja akamjibu, "Rambo anataka na yeye awe stelingi!" Banda zima likacheka. Nami nikacheka, na maiki ilikuwa bado imewashwa.

Usiku ule usingizi ulinipaa. Jibu la tarehe nilikuwa nalo: picha inaishia 1976, na Amin aliivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, basi Watanzania wangeingiaje? Lakini nilijua hakuwa ameuliza tarehe. Nilijua pia kwamba nimeishi na mtu huyu tangu nizaliwe, na kama angenigeuzia swali, "Je, kwako wewe nimo?", nisingekuwa na la kujibu. Mimi sikuwa mtu wa kusali sana. Usiku ule niliomba, na sikujua hasa naomba nini.

Asubuhi nilichukua kava la ile DVD. Miaka yote nilisoma makava kutafuta jina la stelingi tu. Sasa nilitaka kujua ni nani aliyeamua nani awemo na nani asiwemo. Nikakuta jina la mwongozaji: Kevin Macdonald.

Jirani yetu, mwalimu mstaafu, ndiye aliyenisaidia. Alikuwa na kompyuta, na ndugu yake wa Nairobi alikuwa akimletea filamu. Kwake nilijifunza kwamba Macdonald alizaliwa Glasgow mwaka 1967, na kwamba babu yake mzaa mama alikuwa Emeric Pressburger, Myahudi wa Hungaria aliyekimbilia Uingereza katika miaka ya 1930 na, pamoja na Michael Powell, akatengeneza filamu zinazoheshimiwa hadi leo, kama The Red Shoes ya mwaka 1948. Kitu kilichonikamata ni hiki: kabla ya Amin, kabla ya Oscar yoyote, mjukuu huyu aliandika kitabu juu ya maisha ya babu yake, kikatoka mwaka 1994, kisha akatengeneza filamu ya televisheni juu ya mzee huyohuyo. Alianza kazi kwa kumfuatilia mzee wa nyumbani kwake. Mimi wangu nilimfukuza kwa spika.

Mwalimu akaniwekea Touching the Void, ya mwaka 2003. Niliudhika mapema. Wanaume wawili wamekaa mbele ya kamera wanaongea, basi. Nikaomba rimoti. Mwalimu akaikalia.

Ni kisa cha kweli cha Waingereza wawili, Joe Simpson na Simon Yates, waliopanda mlima Siula Grande huko Peru mwaka 1985. Wakati wa kushuka Simpson alivunjika mguu. Yates akawa anamteremsha kwa kamba, kipande kwa kipande, gizani, katika dhoruba ya theluji, mpaka Simpson akaning'inia kwenye genge, hawezi kupanda wala kushuka, na uzito wake ukawa unamvuta Yates naye aanguke. Yates akakata kamba. Simpson akatumbukia kwenye ufa wa barafu, na hakufa. Alitambaa kwa siku kadhaa na mguu uliovunjika mpaka kambini. Waigizaji wanaonyesha mlima, lakini wenyewe wawili ndio wanaosimulia, kila mmoja peke yake, wakitutazama usoni. Nilikaa nikingoja Simpson amlaani mwenzake. Hamlaani. Anasema kwamba hata yeye angekata. Macdonald haongezi neno. Anamwacha Yates anyamaze, na kamera inabaki usoni pake, muda ambao mimi kwenye banda ningekuwa nimeshatoa mizaha mitatu.

Nilitoka pale nikiwa na aibu, lakini aibu iliyonipa nguvu za kwenda mahali. Nilikwenda uani. Baba mdogo alikuwa na wavu mapajani. Nilimwamkia, nikapiga goti, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu utotoni. Nikamwambia kwamba nilimkosea mbele ya watu, na tena nikacheka alipouliza. Nilikuwa tayari kwa matusi, na niliyastahili. Aliendelea kushona mpaka akamaliza tundu lile, akasema, "Leta kiti, mwanangu."

Hakunidai chochote. Mpaka leo silielewi jambo hilo vizuri.

Usidhani mambo yalinyooka hapo. Kwanza nilitaka vita. Nilikuwa na simu yenye kinasa sauti, nikamuuliza aliua wangapi, alimwona Amin, aliogopa? Akajibu kwa "ndiyo" na "hapana" na kurudi kwenye wavu. Nilipokwenda kusikiliza, nikajisikia mimi tu, nikiuliza, nikijijibu, nikimmalizia sentensi. Mdomo wa bandani ulikuwa bado unafanya kazi. Nikarudi kwa mwalimu kulalamika kwamba mzee hana cha kusema.

Mwalimu akanipa One Day in September, filamu iliyompatia Macdonald Oscar ya filamu za hali halisi. Inahusu mauaji ya wanamichezo na makocha 11 wa Israeli katika Olimpiki ya Munich, Septemba 1972, mwezi uleule Mwanza ilipopigwa mabomu. Humo anahojiwa mjane wa mmoja wa waliouawa, na anahojiwa pia mmoja wa washambuliaji aliyesalia, aliyekuwa mafichoni, uso umefichwa. Sikumpenda mtu yule kwa lolote alilosema. Lakini nilielewa kwamba mwongozaji alimtafuta kwa taabu kubwa ili amsikilize, na kumsikiliza mtu hakukuwa kumwachilia huru. Hayo mawili mimi nilikuwa nayachanganya daima: ama mtu ni stelingi, ama ni adui.

Basi nikaacha kuuliza vita. Nikamuuliza walikula nini.

Hapo akafunguka. Akaniambia juu ya viatu kwanza, kwamba vita vile kwao vilikuwa kutembea, kutoka Mutukula mpaka ndani ya Uganda, kwa miguu, wengi wao wanamgambo waliotolewa mashambani. Akaniambia juu ya mizinga ya roketi ambayo Waganda waliiita sabasaba, na jinsi sauti yake ilivyokuwa ikiwatoa machozi hata wao wenye nayo. Juu ya daraja la Kyaka lililolipuliwa. Juu ya ndizi mbichi na mvua. Yalikuja hivyo, bila mpangilio, jioni kwa jioni, na mengine alirudia.

Halafu akanieleza habari ya redio. Kwa bibi ilikuwapo redio ya betri juu ya kabati, na sisi watoto tuliipenda. Sote tulijua kwamba ikiwashwa, baba mdogo anatoka nje. Tulidhani ni kichwa chake. Redio ile ilitoka Masaka. Mji ule ulichukuliwa na majeshi yetu Februari 1979, na sehemu kubwa ikabomolewa kulipiza yale Amin aliyoyafanya Kagera. Aliingia katika nyumba iliyokuwa haina tena ukuta wa mbele. Mezani palikuwa na chakula, na redio ilikuwa ikiongea peke yake. Akaichukua. Alitaka kuniambia wimbo uliokuwa ukipigwa, akashindwa, akanyamaza.

Zamani ningesema kitu. Ningemwita mwizi, au ningemwambia kwamba vita ni vita, baba, usijali. Nilikaa kimya. Kuku walipita, mtoto wa jirani akaja kuomba moto, akaondoka. Baada ya muda mrefu akasema, "Mwenye nayo sikumjua jina." Hilo ndilo lililokuwa limemtesa miaka yote ile, na sisi tulimwita Rambo.

Bandani nilijaribu kuweka maiki chini. Niliweka Marley, ya mwaka 2012, nikitumaini Bob atavuta watu, na mwanzo alivuta. Kuna mahali ndugu wa upande wa baba yake Bob, ukoo uliomkataa, wanasikilizishwa wimbo aliouimba juu ya kukataliwa huko, na kamera inawatazama wakiusikia. Kwangu hapo ndipo palipokuwa na uzito wote. Wateja wakapiga kelele nitafsiri au nipeleke mbele. Hasara ikanizidi, nikauza mabenchi. Siwalaumu, ni mimi niliyewafundisha kutazama hivyo. Leo napiga video za harusi na misiba mjini, na mzee akisimama kuongea simkatishi, hata MC akinionyesha saa.

Filamu za Macdonald nimeendelea kuzitafuta, na si zote zilizonigusa. State of Play na The Eagle ni kazi safi za kuburudisha, nimeziona na kuzisahau. Ile ya Amin yenyewe nimeirudia, safari hii kwa masikio yangu, na nina neno dhidi yake: inahitaji kijana mweupe wa kubuni ili kutupeleka kwa Waganda wa kweli, na Waganda wenyewe wanabaki pembeni ya kisa chao. Lakini Whitaker, ambaye alijifunza Kiswahili na kodiani kwa ajili ya kazi hiyo, hakuigiza mlevi wa kilabuni hata kidogo. Mlevi yule nilimtunga mimi. Alimwigiza mtu anayependeka, na hilo ndilo linalotisha. Wateja wangu wa usiku ule hawakuliona, nami ndiye niliyewaziba. The Mauritanian, ya mwaka 2021, ni kisa cha Mohamedou Ould Slahi, aliyefungwa Guantánamo miaka 14 bila kushtakiwa. Huyu sasa anasimama katikati ya kisa chake mwenyewe, na nilifurahi kuona kwamba hata mwongozaji anakua.

Lakini iliyonirudisha kwa baba mdogo ni Life in a Day. Watu wa dunia nzima waliombwa wapige video za maisha yao siku moja tu, tarehe 24 Julai 2010. Zilikuja saa 4,500 za picha kutoka nchi 192, na Macdonald pamoja na wahariri wake wakazipunguza kuwa filamu ya saa moja na nusu. Watu wanaamka, wanapika, wanazaa, wanachinja ng'ombe. Nilipoiona nilihesabu nyuma. Ilikuwa Jumamosi. Kesho yake ilikuwa Siku ya Mashujaa, na kila mwaka siku moja kabla yake baba mdogo alipiga pasi shati lake jeupe na kukipaka kiwi kiatu, ingawa hakuwa akialikwa popote. Nikamweleza filamu ile. Akasikiliza, akauliza kama wanapokea bado. Nikamwambia wameshafunga. "Basi nipige wewe," akasema.

Nilimpiga Julai iliyofuata, akiwa na pasi ya mkaa. Anaongea kwenye video hiyo muda mrefu, anawataja wenzake waliolala Kaboya, Muleba, mmoja mmoja, na mahali alipotoka kila mmoja. Sauti yangu haisikiki hata mara moja. Tulipomzika tuliionyesha kwa ndugu, na vijana wawili waliokuwa wakimcheka bandani walikuwapo. Redio tuliipeleka Masaka kwa parokia moja, maana ndivyo alivyoagiza, na padri aliipokea bila kuuliza mengi.

Ndugu msomaji, aliyekwenda Kagera akiwa na miaka 20 mwaka 1978 sasa amevuka 65, na wengi walikuwa wakubwa kuliko hapo. Wako Ilemela, wako Sengerema, wako Ukerewe, wanashona nyavu na kulinda mageti. Ukiwa na mmoja nyumbani, zima redio, chukua kiti, na usianze na vita. Muulize alivaa viatu gani.